Siagi ya Tufaha Isiyo na Siagi

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za chakula ambacho jina lake laweza kumpoteza mama mwenye kulea. Nacho ni siagi ya tufaha. Ndani yake hamna maziwa wala mafuta. Huitwa siagi kwa sababu ni laini na hupakwa juu ya mkate. Wakulima wa asili ya Kijerumani huko Pennsylvania, Marekani, walijulikana tangu zamani kwa kuipika katika masufuria makubwa ya shaba.

Matufaha hukatwa, huchemshwa kwa maji kidogo hata yalainike, kisha hupitishwa katika chekecheke na kurudishwa motoni. Moto uwe mdogo, na mwiko usikae mbali, kwa maana kikizidi kuwa kizito huungua upesi. Baada ya saa kadhaa hugeuka rangi ya kahawia. Ndipo hutiwa mdalasini na karafuu. Weka kijiko kimoja juu ya sahani: kisipotoa maji pembeni, kimeiva.

Sasa mpishi wa Arusha na akumbuke jambo moja. Mji huu uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye digrii 95 hivi, wala hayafiki 100. Kwa hiyo chupa za siagi hiyo, ambazo pwani huchemshwa dakika 5 baada ya kufungwa, hapa zichemshwe dakika 10. Walio juu zaidi katika miteremko ya Meru, kupita mita 1,830, wazichemshe dakika 15. Asiyefanya hivyo asishangae kuona ukungu.

Je, faida yake mwilini ni nini? Katika gramu 100, gramu 42 hivi ni za wanga na sukari. Protini haifiki gramu moja, wala mafuta hayafiki. Siagi ya ng'ombe ina mafuta gramu 80 hivi, pamoja na vitamini A. Basi siagi ya tufaha hutia nguvu, lakini haijengi mwili.

Yafaa kijiko kimoja katika uji badala ya sukari, au kando ya nyama ya kuchoma, au ndani ya mtindi. Lakini mama asimwondolee mtoto bakuli lake la loshoro, lenye mahindi na maziwa ya mgando, akampa mkate uliopakwa tufaha, akidhani amempa siagi.