Kwa Nini Tunalipia Hofu?

Mwezi wa Desemba 2022 nilikwenda Kalenga, kijiji kilicho umbali wa kilometa kumi na tano hivi kutoka mjini Iringa, kumsalimu dada yangu. Usiku wa kwanza mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, alirejea nyumbani akiwa amekunja uso, nikadhani amepatwa na msiba. "Shikamoo, mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "wameniharibia Michael wangu."

Huyo Michael si mtu wa Kalenga. Ni Michael Myers, muuaji mwenye kinyago cheupe katika mfululizo wa sinema za Kimarekani uitwao Halloween, ulioanza mwaka 1978. Mpwa wangu alikuwa ametoka katika kibanda cha video, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza, kutazama sinema ya kumi na tatu ya mfululizo huo, Halloween Ends, iliyotolewa Oktoba mwaka huo huo. Malalamiko yake aliyapanga kama wakili mahakamani. Muuaji anaonekana kwa muda mfupi tu. Amezeeka, anajificha katika mtaro wa maji machafu kama mgonjwa. Kazi ya kutisha, kwa sehemu kubwa, amekabidhiwa kijana mwingine aitwaye Corey. "Mjomba, sikuogopa hata kidogo. Nimelipa pesa yangu bure."

Kauli hiyo ya mwisho ilinikosesha usingizi kuliko sinema yenyewe. Hofu ni kinga ya mwili: swala asiyemwogopa simba haachi kizazi. Yawaje basi mwanadamu atoe fedha mfukoni ili aogopeshwe, kisha adai kuwa ameibiwa kwa sababu hakuogopa vya kutosha?

Tuanze na mwili. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna vifundo viwili vyenye umbo la lozi viitwavyo amigdala. Habari ya hatari inapofika huko, amri hupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, ini hutoa sukari, damu hupunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Mwanamke mmoja wa Marekani, ajulikanaye katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi S.M., aliharibikiwa na amigdala zote mbili kwa ugonjwa wa nadra. Wataalamu walimwonyesha nyoka, buibui na sehemu za sinema za kutisha. Hakuogopa, ingawa sinema hizo zilimsisimua.

Lugha yetu imetenganisha vema mambo mawili ambayo watazamaji wengi huyachanganya: kushtuka na kuogopa. Mlango ukibamizwa ghafla, macho hufumba na mabega huinuka katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajajua ni mlango. Huko ni kushtuka, na ni kazi ya shina la ubongo. Kuogopa huja polepole zaidi, hukaa muda mrefu zaidi, na huhitaji kungojea. Mtengenezaji sinema mvivu hutegemea kushtua. Yule hodari humfanya mtazamaji angojee.

Silaha yake kubwa katika kazi hiyo ni sauti. John Carpenter, aliyeongoza Halloween ya kwanza kwa fedha kidogo sana na akaitungia muziki yeye mwenyewe, amesimulia kwamba alipomwonyesha msimamizi mmoja wa kampuni ya filamu picha hiyo ikiwa bado haina muziki wala vishindo, mama huyo hakuogopa hata chembe. Muziki ulipotiwa, picha zile zile zilitisha. Mwaka 2010 mwanabiolojia Daniel Blumstein na wenzake walichunguza sauti za sinema 102 wakakuta kwamba za kutisha hutumia kwa wingi sauti kali, zenye mikwaruzo, mfano wa kilio cha mnyama anayevuta koo kupita kiasi. Blumstein alikuwa amezoea sauti za namna hiyo kutoka kwa wanyama wadogo wa milimani, jamii ya kindi, wanapopiga ukelele wa hatari.

Nilimwomba mpwa wangu tujaribu wenyewe. Tulitazama kipande kile kile mara mbili katika simu yake, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, nami nikimshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Bila sauti mapigo hayakubadilika sana, na kwa sauti yakapanda. (Alidai ni kwa sababu mkono wangu ulikuwa wa baridi. Ni pingamizi halali, na anayetaka kurudia jaribio hili aanze baadhi ya wanafunzi kwa sauti na wengine bila sauti, maana kipande cha pili huwa kimekwisha kuzoeleka.)

Huko Leiden, Uholanzi, watafiti waliuliza kama ule usemi wa damu kuganda kwa hofu una ukweli wowote. Vijana 24 wenye afya walitazama sinema ya kutisha na sinema ya mafunzo kwa siku tofauti. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba baada ya ile ya kutisha kiasi cha kigandishi kimoja cha damu kiliongezeka, lakini damu yenyewe haikuganda. Mwili ulijiandaa kwa jeraha ambalo halikuja.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kitendawili chetu. Sehemu moja ya ubongo hupiga mbiu, na sehemu nyingine, ile ya kufikiri, yajua kwamba kiti ni imara na muuaji ni mchezaji aliyevaa kinyago. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa watu 110 waliopita katika nyumba ya maonyesho ya kutisha wakiwa wamefungwa vipima moyo. Waliofurahi zaidi ni wale walioogopa kwa kiasi. Hofu ndogo mno ilichosha, na iliyozidi iliondoa raha.

Kwa hiyo mwendelezo wa sinema una kazi ngumu. Mpwa wangu anajua kwamba Michael hakimbii, na kwamba akianguka ataamka. Aliyokwisha kuyazoea hayampandishi mapigo tena, nao watengenezaji wakibadili mengi, yeye hulia kwamba wamemharibia. Hata hivyo, muuaji asiyekufa si ugeni kwetu. Wanyakyusa wa Mbeya wana neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kufufuka, nalo ndilo jina la Nsyuka, sinema ya kutisha ya Kiswahili iliyotengenezwa na Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kesho yake nilimchukua pamoja na mdogo wake wa kike, mwenye miaka tisa, hadi makumbusho ya Kalenga. Hapo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Fuvu lilipelekwa Ujerumani, likarejeshwa mwaka 1954. Kijana aliliangalia kwa utulivu kabisa, akauliza habari za tundu la risasi. Fuvu la kweli halikumtisha, ilhali la plastiki likitokea gizani kwa kishindo humrusha kitini. Hakuwa akimkosea heshima Mtwa. Palikuwa na mwanga, palikuwa kimya, na hapakuwa na jambo la kungojea.

Mdogo wake alikataa kuingia, akabaki nje ameshika mlango. Ndipo nilipojua kwamba naye aliitazama sinema ile, kwa kuchungulia katika tundu la bati la kibanda. Tangu usiku ule hakwenda chooni peke yake, na choo chao kiko ng'ambo ya ua. Mambo niliyoyaeleza juu ya sehemu ya ubongo inayofikiri hayamhusu yeye sawasawa: kwa mtoto wa umri huo sehemu hiyo bado inakua, na mbiu ikishapigwa hana wa kuizima. Katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1999, wanafunzi wa chuo 153 waliulizwa juu ya kitu walichokitazama kikawaogopesha, na robo hivi walisema bado walikuwa na mabaki ya hofu hiyo. Tanzania ina sheria ya filamu tangu mwaka 1976 na bodi yenye kazi ya kukagua, lakini tundu la bati halina mkaguzi.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba simkatazi sinema zake, ila jukumu la kumsindikiza mdogo wake usiku ni lake. Alinung'unika, akachukua tochi. Dada yangu aliniambia kwa simu mwezi wa Februari kwamba bado walikuwa wakienda wawili.