Bodi ya Inveta: Lipia Nyuso Mbili, Masi Iache Moja

Fundi wa Kolwezi anayetaka kuunda inveta ya volti 12 atakutana na swali la bodi ya saketi mapema, na bodi ya bei ya chini leo inaweza kumlia pesa mwezi ujao.

Kuchora mwenyewe na kuichovya bodi kwenye dawa inayokula shaba ni rahisi, tena unaipata jioni hiyohiyo. Tatizo ni kwamba uso ni mmoja tu. Masi, yaani shaba inayorudisha mkondo kwenye betri, inabaki vipande vipande. Wati 1,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 83. Mkondo huo ukipitia njia ileile ya chipu inayoongoza, chipu inasoma uongo na mosfeti, zile transista za nguvu, zinaungua. Nunua seti mbili tatu za mosfeti, uone kama bado umeokoa kitu.

Bodi ya nyuso mbili kutoka kiwandani inadumu, ila lazima uisubiri isafiri. Viwanda vingi havitengenezi chini ya bodi tano, na usafiri pamoja na ushuru huweza kupita bei ya bodi zenyewe. Kwa hiyo agizeni watu watatu kwa pamoja, mgawane gharama. Shaba ya kawaida ina unene wa maikroni 35; ya 70 huongezewa bei. Usiilipie: acha njia nene bila rangi ya kinga, ulaze waya wa shaba juu yake na kuulehemu kwa risasi. Shaba imejaa mji huu, jamani.

Bodi ya tabaka nne za shaba? Nzuri, lakini si kwa kazi hii.

Sasa masi yenyewe. Wapo wanaoigawa mara mbili, ya nguvu na ya chipu, kisha kuziunganisha mahali pamoja. Inafanya kazi, mradi hakuna njia ya ishara inayoruka ufa ulio kati ya masi hizo mbili. Ikiruka, bodi zote tano ni takataka. Masi moja nzima kwenye uso wa chini, mosfeti na kapasita kubwa upande huu, chipu upande ule: bei ni ileile, na makosa madogo husamehewa.

Upande wa volti 220 ni habari nyingine. Pale transfoma inapotenga pande mbili, usiziunganishe masi zake. Acha nafasi ya milimita 6 hadi 8 bila shaba. Hapo usibane hata milimita moja.

Una pesa ya agizo moja tu? Nyuso mbili, maikroni 35, masi moja nzima kwa upande wa betri.