KIOO CHA BAISKELI NI KINGA YA MFANYAKAZI



Wengi wetu huenda kazini kwa baiskeli alfajiri, kabla ya king'ora kulia, na kurudi jioni tumechoka. Barabara ni nyembamba, na malori ya miwa yanatujia kwa nyuma. Mwenye baiskeli hutegemea masikio, lakini upepo na kelele huyaziba. Akigeuza shingo, usukani nao hufuata, akajikuta katikati ya njia.

Tufanye hesabu. Lori la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Baiskeli ya kilomita 15 kwa saa hupita mita 4 tu. Lori lililo mita 100 nyuma yako litakufikia kabla ya sekunde 6 kwisha. Mwenye kioo huliona mapema, akashika ukingo.

Tanzania, Kenya na Uganda tunashika kushoto, basi kioo kifungwe kulia kwa usukani. Rwanda, Burundi na Kongo wanashika kulia. Ndugu anayevuka mpaka na baiskeli yake akihamishe kushoto. Kioo bapa huonyesha umbali wa kweli. Kilichobinuka huonyesha eneo pana, lakini gari huonekana dogo, kama liko mbali, kumbe limekwisha karibia. Kioo cha zamani cha pikipiki chafaa, mradi fundi akikaze kisitikisike. Ukipakia nyasi au magunia, mkono wa kioo upite upana wa mzigo.

Hata hivyo kioo hakioni kila kitu. Kabla ya kukata kona, tazama kioo, kisha geuza shingo kidogo, ndipo unyoshe mkono. Usiku kioo hakimsaidii dereva kukuona. Weka taa nyekundu nyuma.

Jambo hili si la mtu mmoja mmoja tu. Mkataba Namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizouridhia zieleze ni wakati gani ajali ya njiani kwenda au kutoka kazini itahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Kila tawi lisome sheria ya nchi yake inasemaje. Kisha kamati ziweke mezani madai haya: vioo na taa kwa wenye baiskeli, na njia ya pembeni ndani ya mashamba, mbali na malori. Mwajiri anayetaka tufike kabla ya jua kuchomoza hawezi kusema njia yetu haimhusu.