Fahamu: Jinsi jembe na mzunguko wa mazao vinavyoathiri mboji

Mboji ni sehemu ya udongo inayotokana na mimea na viumbe vilivyooza. Takriban nusu ya uzito wake ni kaboni. Hushika maji na kulisha mazao.

Jembe hufanya nini?

Kutifua huvunja mabonge madogo yanayoihifadhi mboji na kuingiza hewa. Vijidudu huila kwa kasi, na kaboni hupotea angani kama hewa ya ukaa. Katika joto la Ariwara, eneo la Aru jimboni Ituri, uozo huu huenda haraka. Shamba lisilotifuliwa hujenga mboji katika tabaka la juu. Chini zaidi tofauti huwa ndogo.

Kubadilisha mazao

Muhogo ukirudiwa mfululizo huchosha udongo, na kuuvuna ni kufukua: hata asiyetifua hawezi kulikwepa hilo. Karanga au maharage yakiingia zamu, vinundu vya mizizi hunasa nitrojeni ya hewani, na mahindi yanayofuata huacha mabua mengi. Karanga nazo hung'olewa pamoja na mizizi yake, kwa hiyo ni muhimu sana majani yake yarudishwe shambani. Mabua yakichomwa, sehemu kubwa ya faida hupotea.