Randa ya mbao: Kifaa cha babu kinachopunguza kelele na vumbi nyumbani

Ngara/Biharamulo. Karakana ya seremala katika miji hii miwili utaijua kwa sauti kabla hujaiona. Randa ya umeme inapowashwa, mazungumzo ya jirani hukatika na watoto wanaocheza karibu hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane.

Ngara ndiko uliko mradi wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80, unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme umerahisisha kazi ya ufundi, na hakuna fundi mwenye oda ya milango 20 atakayeiacha mashine. Lakini kwa familia inayoishi ua mmoja na karakana, kuna kifaa cha zamani kinachostahili kutolewa stoo: randa ya mbao.

Ni gogo dogo la mbao ngumu lenye jino moja la chuma, lililobanwa kwa kabari. Si kitu cha jana. Randa za Warumi zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na volkano mwaka 79. Hata neno lenyewe "randa" limetujia kutoka Kiajemi.

Utamu wake uko mikononi. Jino likiwa kali, husikii mngurumo bali mchakacho mwororo, na maranda hutoka marefu yakijiviringa kama utepe. Ukifuata nyuzi za mbao, randa huteleza. Ukienda kinyume, hukwaruza na kung'oa. Mikono hujifunza kuisoma paina na mkaratusi bila kuambiwa. Ubao uliokuwa na miba dakika kumi zilizopita sasa unang'aa, na harufu yake imejaa chumba.

Kiafya, tofauti kubwa ni vumbi. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua. Vumbi hilo pia huweza kuamsha pumu. Randa ya mkono hutoa maranda mazito yanayoanguka chini, si unga unaoelea hewani. Na ubao uliolainishwa vizuri kwa randa huhitaji msasa kidogo tu. Msasa ndio wenye vumbi jembamba zaidi.

Kuna pia masikio. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 94, umebaki na saa moja tu, na randa nyingi za umeme huvuka hapo. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi.

Je, mtoto aishike? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi hatarishi, hivyo mashine ya umeme si yake. Randa ya mkono nayo si mwanasesere, kwa kuwa jino lake hukata. Anaweza kujifunza akiwa na mtu mzima kando yake, ubao ukiwa umebanwa kwenye benchi na mikono yote miwili ikiwa juu ya randa. Kutoa na kunoa jino ni kazi ya mkubwa. Wakati wa msasa, mtoto akae mbali na fundi avae barakoa.

Ukiipata randa ya zamani kwa babu au sokoni, itazame chini: isiwe imepinda wala kupasuka. Kutu ya juu juu huondoka kwa jiwe la kunolea. Kabari ibane sawasawa, na jino lichungulie kidogo tu, unene wa karatasi. Likizidi, gonga taratibu kitako cha nyuma cha randa lirudi ndani, kisha kaza kabari.

Anza na kitu kidogo, kama kibao cha kukatia mboga. Kitatumika jikoni kesho yake.