Kware dume au jike? Ngoja wiki ya tatu

Muuzaji akikuonyesha vifaranga wa kware wa siku moja na kukuapia kwamba wote ni majike, usitoe pesa. Kifaranga wa kware wa Kijapani huanguliwa baada ya siku 17 au 18, akiwa na gramu sita hadi nane tu. Ule ufundi wa kumfunua kifaranga sehemu ya haja, ambao Wajapani waliukuza kwa kuku katika miaka ya 1920, kwa kiumbe mdogo namna hii huwezwa na wachache mno. Mkono usiozoea humuumiza bure. Ukweli pekee wa siku ya kwanza hutoka kwa wazalishaji wanaochanganya mbegu kwa makusudi: dume wa rangi ya kahawia hafifu inayofuata jinsia akipandishwa kwa jike wa rangi ya asili, mabinti hutoka na rangi ya baba na wana wa kiume na rangi ya mama.

Wengine tusubiri, na subira yenyewe si ndefu. Kuanzia wiki ya tatu manyoya ya kifuani huanza kusema. Kwa kware wa rangi ya asili, dume huota kidari cha rangi ya kutu, kisicho na doa, na wekundu huo hupanda hadi kooni na mashavuni. Kidari cha jike huwa hafifu kama mchanga, kimetapakaa madoa meusi. Wakague nje, kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa nyekundu ya kulelea hufanya kila kifua kionekane cha kutu. Anayekutatiza mrudishe bandani umtazame tena wiki ijayo.

Waliotoka kwenye ufugaji wa kuku hunaswa na umbo. Wamezoea jogoo kuwa mkubwa, basi huchagua kware wanene wakidhani ni madume. Kwa kware ni kinyume: jike aliyekomaa ndiye mzito.

Kanuni ya kidari haifanyi kazi kwa kware weupe, wala kwa weusi. Hao wasubiri wafike wiki ya sita hivi. Mshike taratibu, mgeuze, tazama juu kidogo ya tundu la haja. Dume aliyekomaa ana uvimbe mwekundu, na ukiubonyeza kwa upole hutoka povu jeupe zito. Jike hana. Hata hivyo, kukosa uvimbe hakutoshi kumwita ndege jike, maana dume anayefugwa kwenye banda lenye mwanga wa saa chache huchelewa kukomaa na uvimbe wake hubaki mdogo. Sikiliza pia: anayewika ni dume.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu madume wakizidi, majike huteseka. Hudonolewa vichwa, hunyofolewa manyoya ya shingo, na wengine hupofuka. Dume mmoja kwa majike watatu anatosha ukitaka mayai ya kutotolesha. Ukitaka mayai ya kula, huhitaji dume hata mmoja, kwani jike hutaga bila yeye. Kwa hiyo ukishawatambua, wavishe majike pete ya rangi mguuni, na madume wa ziada uwatenge mapema kwenye banda lao, wanenepe kwa ajili ya nyama.