Je, Wajua? Bukta ya Baiskeli Haivaliwi na Chupi

Bukta ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi. Mishono ya chupi ndiyo huchubua mapaja, na kutoka Machakos hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 60 za kusuguana. Zamani pedi hiyo ilikuwa ngozi laini ya mnyama kama mbuzi wa milima ya Ulaya. Leo ni sponji. Usidanganywe na unene: sponji tepetepe hubonyea na kubaki bapa kabla hujamaliza kupanda kilima cha Kituluni huko Machakos. Ukichagua bukta kwenye mitumba, ibonyeze pedi yake kwa kidole gumba. Ikiinuka upesi, bado nzima. Kisha vuta kitambaa cha makalio ukielekeze juani. Mwanga ukipenya, irudishe bukta hiyo, hata kama bei ni ya kutupa.